Forester ya otomatiki: giaboksi kwanza, tabo baadaye

Mwenye Subaru Forester ya tabo yenye giaboksi ya otomatiki ya gia 4, akitaka gari likimbie zaidi, aghalabu huanza na injini. Fedha nyingi hupotea hapo.

Giaboksi ya namna hii haina klachi ya kukanyaga. Nguvu ya injini hupitia kwenye mafuta yanayozungushwa ndani ya konveta, na konveta inapoteleza huzaa joto. Nguvu ikiongezwa, joto nalo hupanda. Kwenye mwinuko mrefu kama wa Nakuru hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, mafuta yanaweza kuungua, yakawa meusi na kunuka, kisha gia zikaanza kuteleza. Kwa hiyo cha kwanza kununua ni rejeta ya pekee ya kupoza mafuta ya giaboksi. Bei yake haifiki ya giaboksi nyingine.

Wauza vipuri nao wana mtego wao: difu. Uwiano wa magurudumu ya mbele umo ndani ya giaboksi, wa nyuma umo kwenye difu. Giaboksi ya 4.111 ikifungwa na difu ya 4.444, tofauti ni takriban asilimia 8. Gari litatembea, na mnunuzi ataridhika siku ya kwanza, lakini klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma itasuguana muda wote hadi iungue. Anayenunua Nairobi kwa ajili ya mteja wa Kampala achukue giaboksi na difu za gari moja, au azungushe shafti na kuhesabu mizunguko kabla ya kufika Malaba. Ushuru ukishalipwa, kifaa kisicholingana ni hasara ya aliyekivusha.