Ghorofa juu ya uji? Mie simo!

Juzi dalali kanipeleka kuona chumba ghorofa ya nane, bondeni, kodi chee. Nikamuuliza, "Chini kuna udongo gani?" Akacheka!

Acheke tu. Mexico City, Septemba 19, 1985: tetemeko lilianzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350, lakini maelfu walikufa mjini. Kwenye mwamba watu walitikiswa kidogo. Palipokuwa ziwa zamani, udongo ulicheza kama uji bakulini.

Hesabu yake? Kina cha udongo mara nne, gawa kwa kasi ya mawimbi. Mita 38, kasi mita 75 kwa sekunde: mtikisiko mmoja sekunde 2 hivi. Majengo ya ghorofa 6 hadi 15 yalikaribia mwendo huohuo, yakaporomoka.

Dalali kanuna, anadai hela ya kunizungusha.