Pointi Tatu za Kidato cha Sita: Namna Ufaulu wa Sayansi Unavyomfikisha Mwanafunzi kwenye Ufadhili wa Samia

Matokeo ya Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Sita yanapotangazwa, swali la kwanza katika kila kaya ni daraja alilopata mtoto. Swali la pili huchelewa kidogo, lakini ndilo huwanyima wazazi usingizi: nani atalipa chuo? Kwa wengi jibu ni mkopo wa Serikali, mchango wa ukoo, au vyote viwili. Kwa kundi dogo la waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, lipo jibu la tatu, nalo ni ufadhili unaojulikana kwa jina la Samia Scholarship.

Ufadhili huu ulianza katika mwaka wa masomo 2022/2023, Serikali kupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilipotenga shilingi bilioni 3 kwa ajili ya wahitimu wa Kidato cha Sita wenye ufaulu wa juu katika sayansi, ili wasome shahada za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Utekelezaji wake hufanyika kwa kushirikiana na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kuwapo kwa Bodi hiyo katika utaratibu ndiko kumewafanya baadhi ya wazazi waamini kuwa fedha hizi nazo ni mkopo. Sivyo. Ufadhili haurejeshwi.

Uzito wa tofauti hiyo huonekana miaka kadhaa baadaye. Mnufaika wa mkopo anapoajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikilifanya deni lisipungue kwa kasi, iliondolewa mwaka 2021, na hilo limekuwa nafuu kubwa. Hata hivyo deni lenyewe lipo na lazima lilipwe. Shahada ya udaktari wa binadamu huchukua miaka mitano na ya uhandisi minne. Kijana anayemaliza masomo hayo kwa ufadhili huanza kazi akiwa hana makato hayo, na katika familia ambayo wadogo zake bado wako sekondari, jambo hilo si dogo.

Sasa, pointi zinapatikanaje? Mtahiniwa wa Kidato cha Sita hufanya masomo makuu matatu yanayounda tahasusi yake, pamoja na masomo ya nyongeza. Daraja hukokotolewa kwa masomo makuu matatu pekee. Alama kuanzia 80 hadi 100 ni A, nayo huhesabiwa pointi 1. 70 hadi 79 ni B, pointi 2. 60 hadi 69 ni C, pointi 3. Na hivyo hivyo kushuka hadi F yenye pointi 7. Pointi hujumlishwa, na aliye na jumla ndogo ndiye aliyefaulu zaidi. Mwenye A tatu ana pointi 3, na hakuna anayeweza kupata chini ya hapo. Daraja la kwanza huanzia pointi 3 na kuishia 9.

Utaratibu huu una tabia moja ambayo wanafunzi wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Chukua mfano wa wanafunzi wawili wa Fizikia, Kemia na Hisabati. Wa kwanza anapata 80, 80 na 80. Wa pili anapata 98, 97 na 79. Ukijumlisha alama, wa pili amemzidi mwenzake kwa 34. Ukihesabu pointi, wa kwanza ana 3 na wa pili ana 4. Mfumo hautoi zawadi kwa alama zinazozidi 80. Unaadhibu somo lililobaki chini yake. Kwa hiyo mwanafunzi anayelenga ufadhili hana budi kuangalia somo lake dhaifu kabla ya lile analolipenda. Kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia kuna pia karatasi ya tatu, ya vitendo, ambayo huamuliwa na umakini wa kupima, kusoma vipimo na kuandika taarifa. Shule nyingi hulifikia zoezi hilo mwishoni mwa muhula, na alama moja inayopotea hapo inaweza kuwa ndiyo iliyotenganisha 79 na 80.

Daraja la kwanza pekee halimwingizi mwanafunzi kwenye orodha. Ufadhili unawalenga wenye ufaulu wa juu zaidi miongoni mwa waliohitimu mwaka husika, na idadi yao hutegemea fedha zilizotengwa. Mwanafunzi mwenye pointi 8 amefaulu vizuri na vyuo vitampokea, lakini si busara familia yake ipange mambo kana kwamba ufadhili umeshapatikana.

Vilevile, A tatu za Historia, Kiswahili na Kiingereza hazimwingizi mhitimu katika mpango huu, ingawa juhudi iliyozileta haikuwa ndogo kuliko ya mwenzake wa maabara. Huo ni uamuzi wa kisera: taifa linahitaji wahandisi, madaktari na wataalamu wa takwimu, na sayansi ilikuwa ikikimbiwa. Mhitimu wa sanaa anabaki na haki yake ya kuomba mkopo kama wengine.

Maana yake ni kwamba safari ya ufadhili huanzia Kidato cha Nne, mwanafunzi anapojaza machaguo ya tahasusi. Hapo pamekuwa na mabadiliko. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya 49 na kufanya jumla yake kuwa 65. Uchaguzi umepanuka, na hatari ya kuchagua kwa jina zuri nayo imepanuka. Kabla ya kuchagua tahasusi mpya inayochanganya somo moja la sayansi na mawili ya fani nyingine, mzazi na mwanafunzi wasome kwanza sifa za kujiunga na shahada wanayoifikiria, kwa kuwa ufadhili hauwezi kumpeleka mtu kwenye shahada asiyokuwa na sifa nayo.

Sifa hizo husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na hapa ndipo hesabu inapogeuka kichwa chini. Katika udahili, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na mwenye pointi nyingi ndiye bora. A tatu ambazo kwenye cheti cha Baraza la Mitihani ni pointi 3, kwenye udahili ni pointi 15. Kila msimu wapo wanaosoma tangazo la chuo linalotaka "pointi zisizopungua 6" na kujiona wameachwa, kumbe wanalinganisha vipimo viwili tofauti. Maombi ya udahili hupelekwa moja kwa moja chuoni, na aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Ufadhili unamhusu aliyedahiliwa. Mwenye pointi 3 ambaye hakuomba chuo hana pa kupelekewa fedha.

Wananchi wengine huuliza kwa nini hawasikii tena majina ya wanafunzi bora kitaifa. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora Januari 2023, wakati wa kutoa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022. Uamuzi huo haukugusa ufadhili. Majina ya wanaostahili hutolewa na Wizara pamoja na Bodi ya Mikopo kupitia tovuti zao rasmi, na aliyeorodheshwa hutakiwa kukamilisha maombi yake katika mfumo wa Bodi. Orodha zinazosambazwa kwenye makundi ya simu zikiwa na namba ya mtu wa "kusaidia kuingiza jina" zipuuzwe.

Nyaraka ziandaliwe mapema. Cheti cha kuzaliwa hutakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini kwa waliozaliwa Tanzania Bara, na mamlaka ya usajili wa matukio ya kijamii kwa waliozaliwa Zanzibar. Jina lililo kwenye cheti hicho likipishana na lililo kwenye cheti cha Kidato cha Nne, hata kwa herufi moja, marekebisho huchukua muda ambao dirisha la maombi halina. Ni vyema kasoro hiyo itafutwe mwanafunzi akiwa bado Kidato cha Tano.

Mtahiniwa asiyeridhika na matokeo yake anayo haki ya kukata rufaa kwa Baraza ndani ya muda uliowekwa. Wakati rufaa ikiendelea, au orodha ya ufadhili ikisubiriwa, dirisha la mikopo lisiachwe lipite. Mwanafunzi aombe chuo, aombe mkopo, kisha asubiri orodha akiwa na pa kuangukia iwapo jina lake halitakuwamo.