Ndege mvumaji wa mlimani: anashinda baridi, hashindi moto

Leo tupande pamoja mlima wa mbali, katika nchi ya Ekuador, Amerika ya Kusini. Huko juu anaishi ndege mwenye uzito usiofika gramu 10. Anavumilia baridi kali, lakini moto wa manyasi unaweza kummaliza. Ukiyajua maisha yake utaona kwa nini.

Ndege huyu ni wa jamii ya wavumaji. Wameitwa hivyo kwa sababu mabawa yao hupiga upesi sana mpaka unasikia mvumo, kama wa nyuki. Wavumaji wanaishi Amerika tu. Hapa kwetu hatuna hata mmoja. Yule ndege mdogo anayeng'aa, mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayekuja kunyonya maua ya migomba, anaitwa chozi, naye ni wa ukoo mwingine. Kazi yao inafanana, kwa maana wote wanakula maji matamu ya maua pamoja na wadudu wadogo, lakini si ndugu.

Mvumaji wetu wa Ekuador ni mgeni hata kwa wataalamu. Mnamo 2017 mtafiti wa nchi hiyo, Francisco Sornoza, alimpiga picha kwenye mlima Cerro de Arcos, akaona kwamba hafanani na ndege wanaojulikana. Yeye na wenzake walirudi mlimani kumchunguza, na mnamo 2018 wakamtangaza kuwa aina mpya. Jina lake la kisayansi ni Oreotrochilus cyanolaemus. Waliosoma Kigiriki watatambua ndani yake neno oros, yaani mlima, na maneno ya rangi ya buluu na koo. Ndivyo alivyo: dume ana koo la buluu inayong'aa, kichwa cha kijani na kifua cheupe. Urefu wake ni sentimita 11 hivi.

Makao yake yako kati ya meta 3,200 na 3,700 juu ya bahari. Ni kama kuishi kwenye ukingo wa Nyiragongo, ambayo kilele chake kina meta 3,470 hivi. Mahali hapo upepo ni mkali, mvua ni ya baridi, na miti mikubwa haioti. Kuna manyasi, na kando ya vijito vichaka vifupi. Kichaka kimoja ndicho chakula chake kikuu. Kinaitwa chuquiraga, majani yake ni magumu yenye ncha kali, na maua yake yana rangi ya chungwa.

Kwa kawaida wavumaji hunyonya ua huku wakielea hewani. Kazi hiyo inakula nguvu nyingi, na juu mlimani hewa ni nyepesi, haiyabebi mabawa vizuri. Kwa hiyo wavumaji wa ukoo huu wa mlimani mara nyingi hutua juu ya ua, wakalishika kwa miguu na kunyonya wakiwa wamekaa. Wanatumia kidogo kwa sababu wanapata kidogo.

Usiku ndipo tunaona jambo la ajabu zaidi. Mwili mdogo unapoteza joto upesi, na gizani hakuna kula. Kama mvumaji angelala na joto lake lote la mchana, angeweza kuishiwa nguvu kabla ya asubuhi. Anafanya kama mama anayefunika makala kwa majivu jioni, ili moto usizimike wala usile kuni bure. Anaacha mwili wake upoe. Moyo ambao mchana unaweza kupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika unashuka mpaka mara 50 hivi. Mnamo 2020 watafiti waliowapima wavumaji wa aina sita katika milima ya Peru walieleza kwamba mmoja alishuka mpaka nyuzi 3 na kidogo. Ukimshika wakati huo utadhani amekufa. Lakini karibu na mapambazuko anaanza kutetemeka, joto linarudi, naye anaruka kwenda kutafuta maua.

Hata kiota kinafuata hesabu hiyo. Wavumaji wa ukoo huu hujenga penye mwamba au pango, mahali pa kujikinga na upepo na mvua. Jike hutaga mayai mawili, akayalalia na kulea watoto peke yake.

Basi, ndege aliyejipanga hivyo anatishwa na nini? Watafiti walitaja mambo matatu: moto unaowashwa ili manyasi mapya yaote, mifugo inayolishwa hapo, na uchimbaji wa dhahabu. Eneo lake lote ni kilometa za mraba 100 hivi, yaani kama kilometa 10 kwa 10. Walikadiria kwamba ndege hao hawazidi 750. Moto mmoja wa wakati wa kiangazi ukipita kando ya kijito, chuquiraga inaungua, na ndege hana shamba lingine. Kushuka hawezi, maana bondeni ni joto na hakuna maua yake. Kupanda pia hawezi, maana mlima umekwisha. Alijulikana kwa ulimwengu akiwa tayari karibu kupotea.

Wala si habari ya ndege tu. Manyasi ya juu ya Andes na udongo wake mweusi hushika maji ya mvua kama sifongo, kisha huyaachilia polepole kwenye mito. Yakichomwa na kuchimbwa, watu wa bondeni nao watajua.

Ndugu wa Kivu, habari hii haiko mbali nasi. Katika milima yetu ya mashariki, kama vile Itombwe, yuko chozi anayeitwa kwa jina la Rockefeller, mwenye kifua chekundu, ambaye makao yake duniani ni eneo dogo sana. Itombwe imekuwa hifadhi ya asili tangu 2006, lakini chini yake kuna dhahabu, na juu yake kuna watu wanaohitaji mashamba, kuni na malisho. Mahitaji hayo ni ya kweli. Mzazi mwenye watoto wenye njaa haambiwi achague ndege.

Lakini kuna mambo ambayo hayamnyimi mtu chakula. Anayechoma majani ya shamba lake anaweza kwanza kukata njia ya kuzuia moto, na kungoja siku isiyo na upepo. Wafugaji wanaweza kupatana kuacha vichaka vya kando ya kijito. Wachimbaji wanaweza kukatazwa kuchimba kwenye chemchemi, na wazee wa kijiji wakalisimamia neno hilo. Mambo haya yazungumzwe katika vikao vyetu mapema, kabla kiangazi hakijafika na manyasi hayajakauka.

Muumba amemfundisha mvumaji kufunika moto wake usiku mzima na kuuamsha asubuhi. Moto wa mlimani hawezi kuuzima. Huo uko mikononi mwetu.