Muhuri wa taji katika soko la Shinyalu

Wako watu wakusanyao stempu, wako wakusanyao sarafu, na huko Uingereza wako wakusanyao glasi kuukuu za painti. Usikunje uso, msomaji, sikupeleki kilabuni. Kinachotiwa ndani ya glasi hizo si hoja yetu. Hoja yetu ni alama ndogo iliyochorwa karibu na mdomo wake.

Mimi niliiona nisipoitarajia, sokoni Shinyalu, kaunti ya Kakamega, jirani na ule msitu mashuhuri. Mama mmoja alikuwa akipimia njugu kwa glasi nene. Baada ya "mulembe" na maamkizi yake marefu, nikaomba niishike. Nilipoielekeza juani, taji likajitokeza, pamoja na herufi G na R, na chini yake tarakimu tatu.

Taji ni ushahidi kwamba mkaguzi wa serikali aliipima glasi akaiona inachukua painti kamili, yaani mililita 568. Herufi ni za mwenye enzi: VR ni Malkia Victoria, aliyefariki 1901, GR ni George, ama wa tano ama wa sita, basi glasi ni ya baina ya 1910 na 1952. Tarakimu, zilizoanza kufuatia sheria ya 1878, hutaja eneo la mkaguzi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wakidhani kuwa ndiko glasi ilikotumika. Hasha! Aghalabu glasi zilikaguliwa karibu na kiwanda, kisha zikauzwa popote.

Hata Kakamega. Dhahabu ilipovuma huko mwanzoni mwa miaka ya 1930 Wazungu walimiminika, na mgodi wa Rosterman ulifanya kazi mpaka 1952. Mama yule alijua tu kwamba aliirithi glasi kwa mama mkwe wake. Nilipotaja kuinunua alicheka, akaniuliza mzee wa kofia akiondoka nayo, yeye atapimia nini.

Sisi wa pwani tulilelewa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na Suratul Mutaffifin tuliihifadhi chuoni tungali wadogo, kwa kuwa imo katika Juzuu Amma. Walakini ni wachache wanaojua kwamba katika kupiga muhuri kwenye kioo Waislamu walitangulia. Misri imeacha vipimo vya kioo vyenye jina la Qurra bin Sharik, aliyeshika uliwali mwaka 709, na mihuri ya vyombo vya kupimia kisti ya mafuta, imeandikwa "wafi", yaani timilifu. Waingereza waliamuru vyombo vya bia yao vipigwe muhuri mwishoni mwa karne ya 17, karibu miaka elfu baadaye. Habari hii ingestahili utenzi, lau ningepata nafasi.

Kenya leo mizani ya dukani hukaguliwa na kupigwa muhuri kila mwaka. Gorogoro, lile kopo ambalo ndilo kipimo cha mahindi ya maskini, halina muhuri. Mjanja akilibonyeza kitako kuingia ndani, mnunuzi hupunjwa mbele ya macho yake. Glasi ya Shinyalu haibonyezeki. Tena mama yule akiijaza huongeza kilima cha njugu juu ya mdomo, kupita hata taji la George.