Homa ya ini C: Mpinzani anayekaba kimya kimya

MWANZA. NENDA mchangani Mkolani Jumapili jioni, utaona. Beki na straika wamegongana vichwa, mmoja kachanika juu ya jicho, damu inamtoka. Mwamuzi anamtoa nje. Mashabiki wanawaka: “Refa, muache acheze, huyo ni mwanaume!”

Refa yuko sahihi. Sheria za soka zinataka anayevuja damu atoke mpaka damu ikatike. Na moja ya sababu za kuogopa damu ya mwenzako ni homa ya ini aina ya C.

Iko hivi. Virusi vyake vinapita kwenye damu: sindano iliyotumika, wembe wa kuazimana, mashine ya kuchorea tatuu isiyosafishwa. Havipiti kwa kupeana mikono, kukumbatiana baada ya bao wala kula sahani moja. Kwa hiyo mwenzako akiwa nayo, usimtenge.

Soka lina kumbukumbu mbaya hapa. Kule Brazil, miaka ya 1970 na kabla yake, wachezaji walichomwa sindano za kuongeza nguvu kabla ya mechi, bomba moja la kioo likizunguka chumba kizima. Virusi hivi vilikuja kutambuliwa mwaka 1989. Wengine waligundua wanavyo wakiwa wameshatundika daluga zamani, ini limechoka.

Ndiyo ubaya wake. Unaweza kukaa nayo miaka 20 bila dalili, unapiga dakika 90 kama kawaida, kumbe ini linapata makovu, na mwisho wake unaweza kuwa saratani.

Habari njema ni kwamba inapona. Ni vidonge tu, kwa kawaida wiki 8 hadi 12, na zaidi ya asilimia 95 ya wanaotibiwa wanapona kabisa. Misri, ambako ugonjwa ulisambaa kwa sindano za kutibu kichocho zilizorudiwa, walianza kupima taifa zima mwaka 2018, wakatibu mamilioni.

Ukipima, usikate tamaa na majibu ya kwanza. Kipimo cha kwanza kinaonyesha kwamba uliwahi kukutana na virusi. Cha pili ndicho kinachosema kama bado vipo. Baadhi ya watu mwili huvifukuza wenyewe. Uliza kituo cha afya kilicho karibu. Kwa kesi kubwa, Kanda ya Ziwa tuna Bugando.

Ukikutwa navyo, pombe weka pembeni, dawa za mitishamba usinywe bila kumwambia daktari, na pima homa ya ini B pia. B ina chanjo, C haina. Na ukipona unaweza kuambukizwa tena, hakuna kinga ya kudumu.

Makocha wa ndondo, begi la timu liwe na glavu na bandeji. Wembe kila mtu na wake. Na yule jamaa anayekuja na sindano ya “pumzi” kabla ya fainali, mwonyesheni njia ya kutokea.