Maji ya Tunduma na Kafi la Hisani

Tunduma haina mto wa kumtosha mwenye mtumbwi. Ina malori, ina wabadilisha fedha, ina reli ya TAZARA inayokatiza kuelekea Kapiri Mposhi, na tangu 2019 ina kituo cha pamoja cha forodha ambako maofisa wa Tanzania na Zambia hukagua mizigo mahali pamoja. Mvua ikinyesha, maji hukimbilia mitaroni na mifuko na maganda ya miwa, na ni nadra mtu kujiuliza yanaishia wapi.

Yanaishia mbali kweli. Mji huu na vilima vyake vimekaa mgongoni mwa nchi, mahali maji yanapoagana. Upande mmoja Mto Momba unateremka hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Maji yakishaingia humo, safari iliyobaki ni ya kupanda mawinguni. Upande mwingine Mto Songwe unakwenda Ziwa Nyasa, na kutoka Nyasa maji hushika Mto Shire, yakaingia Zambezi, yakamwagika Bahari ya Hindi. Ng'ambo ya mpaka, katika nyanda za juu za kaskazini mwa Zambia, kinaanza kijito cha Chambeshi, na maji yake hayaonani na Bahari ya Hindi hata siku moja. Yanakwenda Atlantiki, kwa njia ya Mto Kongo.

(Msomaji wa Mbeya atakumbusha kwamba kuna Songwe mwingine, unaoteremkia Rukwa. Ni kweli. Mito miwili ya jina moja imepeana visogo, na mkoa uliozaliwa 2016 ukalibeba jina hilo.)

Waingereza na Wajerumani walipogawana eneo hili mwaka 1890, waliandika kwamba mpaka upande na Mto Songwe hadi unapokaribia ukingo wa bonde la Kongo, kisha uufuate ukingo huo. Kwa hiyo sehemu ya mpaka ambao dereva wa lori anausubiri kwenye foleni ilichorwa kwa kuangalia tone la mvua linaangukia upande gani.

Mwaka 2008 Mwingereza mmoja, Phil Harwood, aliyewahi kuwa askari wa majini, aliamua kulifuata tone hilo. Alianzia kwenye chemchemi ya Chambeshi, kwenye mwinuko wa mita 1,760 hivi, akiwa na mtumbwi na kafi. Chambeshi una urefu wa kilomita 480 hivi kabla ya kupotelea kwenye mabwawa ya Bangweulu. Ukitoka huko unaitwa Luapula, unaingia Ziwa Mweru, unatoka ukiitwa Luvua, unaungana na Lualaba, na baada ya maporomoko ya Boyoma, karibu na Kisangani, ndipo watu wote wanakubaliana kuuita Kongo. Jumla ni kama kilomita 4,700. Harwood alitumia miezi mitano. Aliugua malaria, akakamatwa, akafukuzwa. Kipande kimoja cha mto kilikuwa na sifa mbaya kiasi kwamba aliajiri ndugu wanne wa huko wamlinde, na wanavijiji wakawauliza ndugu hao kwa nini hawajamkata koo. Mwenyewe alisimulia pia ukarimu mwingi wa watu wa mtoni.

Safari ya namna hiyo ni ya mtu mmoja na kichaa chake. Mashindano ni jambo tofauti, na mashindano ya hisani ni tofauti zaidi, kwa sababu yanahitaji mtu wa tatu: yule aliyekaa nyumbani, asiyejua hata kushika kafi, lakini anayetoa pesa.

Chimbuko la mchezo huu linaonekana vizuri kwenye mji mdogo wa Devizes, Uingereza. Mwaka 1948 vijana wanne wa skauti walipewa changamoto: wafike Westminster, katikati ya London, kwa mtumbwi, chini ya saa 100, wakijibebea chakula na mahema yao, bila kusaidiwa na mtu njiani. Wakiweza, mfuko wa skauti ungepata pauni 10. Njia ni maili 125, karibu kilomita 200, kwanza kwenye mfereji kisha Mto Thames. Walifika kabla saa 90 hazijatimia. Watu wakaanza kuwaiga, na leo mbio za Devizes hadi Westminster hufanyika kila Pasaka. Njiani kuna mahali 77 pa kutoka majini, kubeba mtumbwi begani, kukimbia na kuushusha tena. Wenye nguvu zaidi huenda moja kwa moja usiku na mchana, na wengi wao huwa wamechangisha pesa kwa ajili ya hospitali au chama fulani.

Zile pauni 10 zina siri yote ya mchezo. Ahadi ilitangulia safari. Umbali ulijulikana, muda ulijulikana, na mashahidi walikuwepo. Mtanzania aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaelewa mara moja: kadi inatolewa, ahadi inaandikwa daftarini, mhazini anakumbushia hadi watu wanazima simu. Tofauti ni kwamba mchangiaji wa harusi anajua siku ya sherehe atakula. Mchangiaji wa mbio za mtoni hapewi sahani, anapewa habari. Jana walilala wapi, mikono imechubuka kiasi gani, wamebakiza kilomita ngapi. Umbali mrefu unatakiwa ili habari hiyo idumu siku kadhaa. Mbio za dakika kumi zinaisha kabla jirani hajafungua pochi.

Australia walilielewa hilo mapema. Mwaka 1969 kikundi cha marafiki kilipiga makafi kwenye Mto Murray kutoka Yarrawonga hadi Swan Hill, kilomita 404, kuchangisha pesa za Msalaba Mwekundu. Safari ikageuka mashindano ya siku tano. Marekani, tangu 2006, washindani hushuka Mto Missouri kutoka Kansas City hadi St. Charles, maili 340, na anayetaka kuhesabiwa kuwa amemaliza lazima afike kabla siku nne hazijaisha. Usiku wanaendelea na safari, taa kichwani, na boti za usalama huzunguka kuwaokota waliosinzia.

Kwa upande wa Afrika, mbio mashuhuri ni za Dusi, Afrika Kusini, kutoka Pietermaritzburg hadi Durban, kilomita 120 hivi kwenye mito Msunduzi na Mgeni. Za kwanza zilifanyika 1951, zikiandaliwa na Ian Player, yule yule aliyekuja kujulikana baadaye kwa kuwaokoa vifaru weupe. Waliondoka watu wanane. Alimaliza mmoja, Player mwenyewe, baada ya siku sita, na njiani alikuwa ameumwa na nyoka. Siku hizi mbio hizo ni za siku tatu, na vijana weusi waliokulia kwenye mabonde ya mto huo, ambao wazazi wao walikuwa wakisimama kingoni kutazama wageni wakipita, wameingia kwenye safu ya washindi.

Hapa kwetu, kuchangisha kwa jasho si jambo geni. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianzisha mwaka 2002 upandaji wa Mlima Kilimanjaro wa kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, ambao baadaye ulishirikisha tume ya taifa, TACAIDS. Mbio za benki ya CRDB zilizoanza 2020 zimechangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mguu, basi, umeshajua kuomba. Kafi bado.

Hiyo haina maana kwamba kafi halijui kushindana. Kanda ya Ziwa ilizoea kwa miaka mingi mashindano ya mitumbwi yaliyodhaminiwa na bia ya Balimi, ambapo timu za wanaume na za wanawake kutoka Ukerewe, Bukoba, Musoma na Kigoma zilimalizana Mwanza. Wapiga makafi wengi walikuwa wavuvi, na zawadi ilikuwa pesa taslimu ya kwenda nayo nyumbani. Magharibi mwa Zambia, mafuriko ya Zambezi yanapofunika nyanda, mfalme wa Walozi huhamishwa kutoka Lealui hadi Limulunga kwa jahazi lake, Nalikwanda, linalosukumwa na makafi ya makumi ya wanaume wanaokwenda kwa mdundo wa ngoma. Sherehe hiyo ya Kuomboka ni kazi ya saa nyingi, na hakuna anayeshikilia saa ya mashindano.

Wapo pia waliopiga kafi masafa marefu bila zawadi wala ngoma. Katika Vita Kuu ya Kwanza, vyakula vya majeshi ya Waingereza yaliyokuwa kwenye mpaka huu vilipandishwa kwa mitumbwi kwenye Luapula, Bangweulu na Chambeshi. Waliovuta walikuwa wanaume wa vijiji vya huko, kwa maelfu. Chambeshi hiyo hiyo ndiko jenerali wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck alikopata habari, tarehe 14 Novemba 1918, kwamba vita vilikuwa vimekwisha Ulaya siku tatu kabla.

Je, mbio za hisani zinaweza kufanyika Songwe? Kwa ramani, mto unavutia. Una urefu wa kilomita 200 hivi, na kwa sehemu kubwa ndio mpaka wa Tanzania na Malawi: Ileje na Kyela huku, Chitipa na Karonga kule. Sehemu ya juu si ya mtumbwi. Mto unajipenyeza kwenye mabonde yenye miamba. Sehemu ya chini, kuanzia Kasumulu kuelekea ziwani, ni tambarare, na mto unajikunja kama kamba iliyotupwa chini.

Hapo ndipo tabu inapoanza. Songwe una mazoea ya kuhama. Mafuriko ya masika hubomoa ukingo na kuchimba njia mpya, na mkulima aliyelala Tanzania anaweza kuamka shamba lake likiwa ng'ambo. Nchi hizi mbili ziliunda kamisheni ya pamoja ya bonde hilo, yenye makao yake Kyela, kwa mkataba wa 2017. Mipango yake ni pamoja na mabwawa, umeme na kuutuliza mto usihame hame. Mwandaaji wa mbio angelazimika kuomba ruhusa kwa serikali mbili kwa kila kona. Mshindani akipindukia kushoto yuko Tanzania. Akipindukia kulia yuko Malawi, ametota, na pasipoti yake haina muhuri.

Kuna na mamba. Hili halihitaji kutiwa chumvi, na halifai kupuuzwa ili bango la matangazo lipendeze. Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliyeishi Jinja, ndiye aliyeongoza mwaka 2004 safari ya kwanza kamili kwenye Nili Nyeupe, kutoka Ziwa Viktoria hadi Mediterania. Alijua mito ya Afrika kuliko karibu wote wa rika lake. Tarehe 7 Desemba 2010, kwenye Mto Lukuga unaotoka Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, mamba alimvuta kutoka kwenye kayaki yake mbele ya wenzake wawili. Alikuwa na miaka 35. Mbio za Missouri zinamchosha mtu, lakini hazimuwindi.

Kwa hiyo mtu makini angeanza na kipande kifupi, baada ya masika, maji yakiwa bado yanatosha lakini yameshatulia. Angetangulia kukaa na wavuvi na wavushaji wa Kyela na Karonga, maana wao ndio wanaojua mamba wanaota jua wapi na kiboko anapitia wapi usiku. Angewalipa, na wangepanda mitumbwi ya mbele, si ya nyuma. Jaketi okozi kwa kila mtu. Gari la wagonjwa kila upande.

Na daftari. Mbio za mtoni ni ghali: boti za usalama, mafuta, vibali, madaktari, kambi. Upo uwezekano wa kukusanya mamilioni na kuyamaliza yote kwenye kuyakusanya, watu wakarudi na fulana na picha nzuri. Kamati ya harusi ikifanya hivyo, bibi harusi atajua siku hiyo hiyo. Mgonjwa wa zahanati ya kijijini hatajua kamwe, kwa sababu hakuwepo pesa zikihesabiwa. Njia iliyonyooka ni ya Devizes: kutamka kabla mtumbwi haujaguswa kwamba pesa ni za nini, ni ngapi, na nani anazishika, halafu gharama za safari zitafutiwe mdhamini wake pembeni.

Vyombo vyenyewe navyo ni swali. Mtumbwi wa gogo ni mzito kwa kubebwa begani, ingawa ungewapa wenyeji nafasi nzuri ya kushinda. Kayaki nyepesi zinatengenezwa Afrika Kusini, na njia yake ya barabara inajulikana: zingepakiwa kwenye lori, zipite Zambia, zifike Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kisha zipange foleni na shaba pamoja na mashine, zikisubiri kuingia Tunduma.