Kadi ya Kunasia Michezo ya Video: Usidanganywe na Kasha

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yupo kijana apendaye michezo ya video, huenda umekwisha kulisikia ombi hili: anataka anunuliwe kadi ya kunasia picha, ili michezo anayoicheza kwenye televisheni aweze kuirekodi na kuirusha mtandaoni wengine waitazame. Mzazi asiyeifahamu kadi hiyo ama hukataa papo hapo, ama hutoa fedha na kumwachia mwenye duka aamue. Yote mawili si mema. Makala haya yanakusudia kukueleza kazi ya kifaa hiki na namna ya kukipima, kabla fedha ya jasho lako haijatoka mfukoni.

KAZI YAKE

Mashine za michezo kama vile PlayStation, Xbox na Nintendo Switch hupeleka picha na sauti kwenye televisheni kwa waya wa HDMI. Kompyuta nyingi nazo zina tundu la HDMI, lakini tundu hilo hutoa picha tu, halipokei. Ndiyo sababu kadi ikahitajika. Yenyewe huipokea picha kutoka kwenye mashine na kuiingiza katika kompyuta, ambamo programu kama OBS Studio, ipatikanayo bure, huihifadhi au kuirusha.

Zipo kadi za aina mbili. Moja hufungwa ndani ya kompyuta ya mezani, na nyingine hukaa nje na kuchomekwa kwa USB. Mwenye kompyuta ndogo ya kubeba hana budi kuchukua hii ya pili.

Hakikisha kadi ina matundu mawili ya HDMI: moja la kuingiza picha, jingine la kuipeleka kwenye televisheni. Picha inayopitia kwenye kompyuta huchelewa kidogo, na katika mchezo wa mpira kuchelewa kidogo kunatosha kufungwa bao. Mchezaji hutazama televisheni, na kompyuta huachiwa kazi ya kurekodi.

JE, INAHITAJIKA?

Muulize kwanza kijana anachezea mashine gani. Ikiwa anacheza kwenye kompyuta, kadi haihitajiki, kwani OBS huinasa picha humo humo. PlayStation 4, iliyotoka mwaka 2013, na PlayStation 5 ya mwaka 2020, zinaweza kurekodi na kurusha zenyewe. Huko kadi humfaa yule atakaye kuongeza picha ya uso wake, maandishi na mapambo mengine. Nintendo Switch ya mwaka 2017 hujirekodi kwa sekunde 30 tu, kwa hiyo mwenye mashine hiyo ana haja ya kweli. Lakini mwenye Switch Lite asinunue: mashine hiyo haitoi picha kwenda kwenye televisheni, na kadi haitakuwa na cha kunasa.

HESABU YA KASHA

Hapa ndipo fedha za wengi zinapopotea. Utaona kasha limeandikwa "4K" kwa herufi kubwa. Katika vifaa vingi vya bei rahisi maana yake ni kwamba kadi inaweza kuipokea picha ya 4K; inayoifikia kompyuta ni ndogo zaidi, na pengine ni picha 30 tu kwa sekunde badala ya 60.

Tufanye hesabu. Picha ya nukta 1920 kwa 1080 ina jumla ya nukta 2,073,600. Kila nukta ikichukua biti 16, na picha zikiwa 60 kwa sekunde, jumla inakaribia biti bilioni 2 kila sekunde. USB 2.0 mwisho wake ni biti milioni 480. USB 3.0 hufikia bilioni 5. Basi kadi ya USB 2.0 hulazimika kuibana picha hiyo kwa nguvu, na majani ya uwanja hugeuka ukungu wa kijani kila mpira unapokwenda kasi. Wala usiridhike kwa kuona plastiki ya buluu ndani ya kichomeko; rangi hiyo ni desturi ya USB 3.0, lakini wapo wanaoitia kwenye vifaa vya USB 2.0.

JARIBU KABLA YA KULIPA

Mwombe mwenye duka akuruhusu kuijaribu kadi kwa kompyuta na mashine zile zile zitakazotumika nyumbani. Fungua OBS, tazama orodha ya vipimo ambavyo kadi inavitoa: je, 1920 kwa 1080 ipo pamoja na picha 60? Rekodi kwa nusu saa, kisha tazama mwisho wa rekodi. Je, sauti bado inakwenda sawa na midomo? Je, sauti ya kushoto inatofautiana na ya kulia? Je, kadi imepata joto hadi picha ikakatika?

Picha ikiwa nyeusi, usiilaumu kadi upesi. PlayStation 4 na 5 zina kufuli iitwayo HDCP, ambayo huzuia kunakili. Huzimwa katika mipangilio ya mashine, ingawa baadhi ya programu za filamu hazitafanya kazi mpaka iwashwe tena. PlayStation 3 haina nafasi ya kuizima kwenye waya wa HDMI.

Mwishowe, dai risiti na maandishi ya waranti.

GHARAMA NYINGINE

Bei ya kadi si mwisho wa matumizi. Kurusha kwa biti milioni 6 kila sekunde hula gigabaiti 2.7 kwa saa moja. Saa mbili kila jioni ni zaidi ya gigabaiti 160 kwa mwezi. Ikiwa nyumba yako hununua intaneti kwa vifurushi, afadhali kijana arekodi kwanza, achague dakika kumi zilizo nzuri, kisha apandishe hizo tu. Tena arekodi katika faili la MKV, maana umeme ukikatika, kilichokwisha kurekodiwa hubaki. Faili la kawaida la MP4 huweza kuharibika lote.

Ndugu mzazi, kaa na kijana wako mlifanye jambo hili pamoja. Mpe kalamu, aandike mashine aliyonayo, kompyuta aliyonayo, na kiasi cha intaneti kinachotumika nyumbani kwa mwezi. Akiweza kukueleza kwa nini anaihitaji kadi, na ni kadi ya namna gani, utakuwa na sababu ya kumsaidia. Akishindwa, mwambie arudi na majibu kwanza, duka halitahama.